Kipande Baridi kwenye Chungu cha Moto

Karakana ndogo za kuyeyushia alumini katika mtaa wa Unga Limited, jijini Arusha, zina moshi na kelele za kumtosha mgeni yeyote. Lakini kilichonisimamisha pale ni kitu kidogo. Chungu kikishatoka motoni, fundi hamimini. Anachukua nondo iliyopakwa udongo, ambayo nchani imeshikizwa kipande kigumu cha alumini ileile, anaizamisha na kukoroga. Anakoroga bila papara, bila kututazama. Kipande kinayeyuka taratibu mpaka kinakwisha. Mkono ukianza kuhisi uzito, anaengua takataka za juu, ndipo anamimina kwenye kalibu ya mchanga.

Nilimuuliza sababu. Alinijibu kwa upole wa mzee anayemwelekeza mtoto wa jirani. Alumini ikiwa ya moto kupita kiasi, alisema, inakunywa hewa, na masika inakunywa zaidi. Ikiganda, hewa ile inaacha matundu, na kifaa chenye matundu kinavunjika njiani. Kwa hiyo anaipoza. Mbona asiiache ipoe yenyewe? Kwa sababu ikiachwa inaganda pembeni huku katikati bado ni maji. Kipande cha baridi, kikikorogwa, kinaipoza yote kwa pamoja. Udongo kwenye nondo ni wa kuzuia chuma kisiingie kwenye alumini. Na kipande chenyewe lazima kikaushwe kwanza kando ya jiko, kwani unyevu ukizama kwenye alumini ya moto, chungu kinalipuka. Hili la mwisho alilirudia, akimtazama kijana anayemsaidia na siyo mimi.

Suala la hewa yuko sahihi: alumini iliyoyeyuka hufyonza haidrojeni kutoka kwenye unyevunyevu. Suala la kukoroga ndilo lililonikosesha usingizi.

Mwaka 1971, katika chuo cha MIT nchini Marekani, mwanafunzi David Spencer, chini ya Profesa Merton Flemings, alikuwa akichunguza kwa nini metali hupasuka inapoganda. Alikoroga mchanganyiko wa bati na risasi huku ukipoa. Kwa kawaida metali inayoganda huota matawi madogo yanayoshikana, ikawa ngumu mapema. Ikikorogwa, matawi hayapati nafasi. Zinabaki punje za mviringo zinazoelea kwenye majimaji. Metali iliyokwisha kuganda karibu nusu ikawa inatiririka. Ni tabia ya maziwa mgando ndani ya kibuyu: yakitulia yamesimama, yakitikiswa yanamiminika.

Viwanda vya magari viliichangamkia. Metali ya hali hiyo huingia kwenye kalibu kwa utulivu, haibebi hewa nyingi, haisinyai sana na haiunguzi kalibu. Kifaa kinatoka kizima kiasi cha kufanywa chembamba bila kupoteza nguvu. Na alumini yenyewe ina uzito wa theluthi moja tu ya chuma.

Katika miaka ya 2000, watafiti wa Jönköping, Sweden, walitengeneza njia ya kuipata hali hiyo kwa urahisi: kipande baridi cha aloi huwekwa kwenye ncha ya fimbo, huzamishwa kwenye metali ya moto na kuzungushwa mpaka kiyeyuke. Nilipoisoma niliirudia kutoka juu. Nchini Thailand, katika Chuo Kikuu cha Prince of Songkla, timu ya Jessada Wannasin ilipitisha vipovu vya gesi kwenye kipande cha grafiti chenye vinyweleo, nako kukatokea punje zilezile. Teknolojia hii si ya matajiri peke yao.

Fundi wetu hajasikia habari za Sweden, wala hakuonekana kujali. Alichotaka nikielewe ni skrepa. Pistoni haziweki chungu kimoja na rimu za spoti. Pistoni, anasema, zinaganda ghafla, hazimpi mtu nafasi. Rimu zina subira. Vitabu vinamuunga mkono. Pistoni nyingi zina silikoni karibu asilimia 12, na aloi ya namna hiyo huganda karibu yote kwenye nyuzi 577. Rimu nyingi zina asilimia 7 hivi: huanza kuganda kwenye nyuzi 615, na zikifika 577 bado karibu nusu ni majimaji. Subira anayoisema ni nyuzi hizo 38. Ameijua kwa kiganja.

Anasubu sufuria, puli na vikamatio vya keria za magari ya utalii. Vifaa vya usukani na breki hagusi hata akibembelezwa, na hapo namuunga mkono. Lakini mji huu unazidi kuhitaji vifaa vyepesi. Hanspaul, wajenzi wa mabodi ya magari ya safari hapa Arusha, wameshirikiana na Carwatt ya Ufaransa kugeuza Land Cruiser za dizeli kuwa za umeme, na betri ni mzigo mzito. Kila kilo inayopunguzwa kwingine ni faida.

Je, ndani ya kalibu zake kuna punje za mviringo au ni matawi yaleyale? Kukoroga kwa mkono hakuingizi utando wa oksidi ndani ya kifaa? Na kwa nini swali hili limsubiri mwandishi wa gazeti? TEMDO, taasisi ya usanifu wa mitambo iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1980, iko jijini humu. Chuo cha Ufundi Arusha kipo. Taasisi ya Nelson Mandela iko Tengeru, chini ya Mlima Meru, na inafundisha sayansi ya vifaa.

Ombi langu kwao ni dogo. Nendeni Unga Limited na kipimajoto cha kuzamisha kwenye chungu. Chukueni kikamatio kimoja, mkikate, mkisugue, mkiweke chini ya hadubini. Kisha rudini mumwambie fundi mlichokiona, na mkimkuta anakoroga, msubirini amalize.