Mto gani unamfaa mtu anayesikia joto usiku?

Mto tunaouzungumza leo si Malagarasi. Ni mto wa kulalia.

Wengine watasema: huku kwetu Kibondo na Kasulu ni milimani, usiku kuna baridi, joto liko Ujiji kwa watu wa ziwani. Ni kweli, kwa mwezi wa sita na wa saba. Lakini mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mvua hazijashika, mambo ni mengine. Bati likipigwa na jua mchana kutwa, chumba kinabaki na joto mpaka usiku. Tena wako watu wanaosikia joto hata wakati wa baridi. Akina mama wanaofikia umri wa kukoma hedhi wanalijua jambo hili. Joto linapanda ghafula kifuani mpaka usoni, jasho linatoka, mto unalowa.

Kwa nini mto unaleta joto?

Mwili wa mtu una joto la nyuzi 37 hivi. Usiku mwili hupunguza joto kidogo, ndipo usingizi unakuja vizuri. Joto hutoka kwenye ngozi. Jasho nalo likikauka huchukua joto na kwenda nalo. Lakini ili jasho likauke, lazima hewa ipite. Kichwa kikizama ndani ya mto mnene, shavu, sikio na shingo vinafunikwa. Hewa haipiti. Ni kama chungu kilichofunikwa.

Watu wa kale waliliona hili. Katika Misri ya zamani watu walilalia kigoda kidogo cha kichwa. Vigoda vya namna hiyo vilikutwa ndani ya kaburi la mfalme Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka 1922. Waturkana wa Kenya nao wana vigoda vya kulalia kichwa. Hewa inapita chini ya shingo. Hatusemi mrudie kulalia gogo! Tunasema mtu wa joto atafute mto unaopitisha hewa, na usiwe mnene sana.

Mito tuliyo nayo

Mto wa sponji ndio umejaa madukani. Bei yake nafuu, na ni mwororo. Lakini kwa mtu wa joto ndio mbaya kuliko yote. Sponji ina vitundu vidogo vidogo vinavyoshika hewa isitembee, kwa hiyo inatunza joto. Kama unao tayari, usiutupe. Uzungushie kanga kuukuu ya pamba mara mbili, kisha uvishe foronya.

Mto wa pamba unanyonya jasho, shavu halilowi. Ubaya wake, jasho linabaki ndani. Usipoanikwa unanuka, unafanya madonge, na masika unaota ukungu. Anayetaka mto wa pamba akubali kazi ya kuuanika juani kila wiki.

Sisi tunapenda sufi. Sufi hutoka kwenye tunda la msufi, mti unaoota sana pwani. Nyuzi zake zina uwazi ndani kama mrija. Ni nyepesi na hazinyonyi maji. Ndiyo maana zamani zilijazwa katika majaketi ya kuokolea watu majini. Mto wake haulowi upesi, na hewa inapita. Ukizeeka na kushikana, fungua mshono, ichambue sufi kwa mkono, ianike, rudisha. Wakati wa kununua, chungulia kwenye mshono usije ukauziwa vipande vya sponji.

Na maganda ya mahindi je? Kuna wanaoona haya kuyalalia. Haya ya nini? Wajapani mpaka leo hulalia mito iliyojazwa maganda ya nafaka, na wanaisifu kwa ubaridi. Chukua yale maganda laini ya ndani, yaanike mpaka yakauke kabisa, yachane vipande vyembamba. Yatapiga kelele kidogo ukigeuka. Yabadilishe kila mavuno, maana kunguni hupenda kujificha humo.

Siku hizi kuna pia mito inayoitwa ya baridi, yenye jeli ndani. Ukiigusa, kweli ni baridi. Lakini jeli inafanya kazi kama sakafu ya saruji. Inachukua joto lako mpaka yenyewe inapata joto sawa na wewe, basi imekwisha. Kwa bei yake, mkulima anaweza kutengeneza mito kadhaa ya sufi au ya maganda.

Mto wowote, ujaribu kabla ya kutoa fedha. Weka kiganja juu ya mto, kandamiza kwa mkono wa pili, hesabu polepole mpaka 200. Kiganja kikitoka na jasho, achana nao.

Jasho ambalo si la mto

Hapa tusikilizane vizuri. Ukitokwa na jasho jingi usiku mpaka shuka linalowa, na huku unakohoa wiki mbili au zaidi, au unakonda, usitafute mto. Nenda zahanati ukapimwe kifua kikuu. Dawa zake hutolewa bure, na kwa kawaida mgonjwa huzimeza miezi sita. Jasho linalofuata homa na kutetemeka laweza kuwa malaria. Hapo usingoje wiki mbili. Nenda siku hiyo hiyo.

Mtoto mchanga hahitaji mto wowote. Pua inaweza kuzama ndani akakosa pumzi. Na kibatari kikae mbali na kitanda. Sufi inashika moto upesi, na moshi wa sponji una sumu.

Kwa wanaoshona foronya wenyewe: nguo iwe ya pamba, si nailoni. Kuzijua ni rahisi. Chomoa uzi mmoja, uchome. Wa pamba utanuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu. Wa nailoni utayeyuka na kuacha kidonge kigumu.