Pepopunda: Mkasi Usioonekana na Chambo cha Wanakemia

Katika hospitali ya Muhima, mjini Kigali, inayojulikana sana kwa huduma za uzazi, mama mjamzito hukingwa kwa chanjo dhidi ya pepopunda, yeye pamoja na mtoto atakayemzaa. Adui huyo huyo humvizia askari aliyechomwa na mwiba, msumari au waya akiwa doria, kwa maana mbegu za bakteria wake hukaa udongoni na katika samadi kwa miaka mingi.

Mbegu hizo zikiingia katika jeraha lenye kina, lisilofikiwa na hewa, huamka na kutoa sumu. Mwaka 1992 wanasayansi wa Padova, Italia, walibainisha kuwa sumu hiyo ni kimeng'enya, yaani mkasi wa kikemia. Huikata protini iitwayo sinaptobrevini, ambayo huziwezesha neva kupeleka ujumbe wa kulegeza misuli. Ujumbe ukikatika, misuli hukakamaa, taya hujifunga na pumzi hukwama.

Tabia hiyo ya kukata ndiyo imfichuayo adui. Wanakemia hutengeneza kipande cha protini hiyo kiwe chambo: upande mmoja hutiwa rangi ing'aayo, na upande wa pili kitu kiuzimacho mng'ao. Mkasi ukikata, pande hizo huachana na mwanga huonekana. Lakini mkasi huu ni mchaguzi. Chambo kikiwa kifupi mno, haukigusi.

Taasisi ya Paul Ehrlich ya Ujerumani imebuni kipimo kinachochunguza mambo mawili: je, sumu yaweza kuishika neva, na je, yaweza kukata? Ikikosa uwezo mmojawapo, haidhuru. Shabaha ni kuhakikisha kuwa chanjo haina sumu hai, pasipo kuwatesa wanyama wa maabara.

Ndugu askari, kipimo hicho ni cha kulinda chanjo, wala si cha kumwokoa majeruhi. Daktari huitambua pepopunda kwa dalili, na sumu ikishaingia ndani ya neva hakuna dawa ya kuitoa. Katika Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani, lililokuwa limechanjwa, lilipata wagonjwa 12 tu wa pepopunda miongoni mwa majeruhi zaidi ya milioni 2.5 waliolazwa hospitalini.

Basi jeraha, hata liwe dogo, lioshwe kwa maji safi na sabuni, na mwenyewe aende zahanati akiwa na kadi yake ya chanjo. Bunduki husafishwa kabla ya mapambano. Mwili nao hutayarishwa kabla ya jeraha.