Mashine ya Michezo na Uhariri wa Video za Nyumbani

Tarehe 11 Novemba 2006 kampuni ya Sony ilianza kuuza nchini Japani mashine ya michezo ya televisheni iitwayo PlayStation 3. Siku 6 baadaye iliingia madukani Marekani, na mwezi Machi 2007 ikafika Ulaya. Ingawa ilitengenezwa kwa ajili ya michezo, ilikuwa na kazi ya pili, nayo ni kuonyesha picha. Mwaka huohuo wa 2006 Sony na Panasonic zilikuwa zimetangaza namna mpya ya kuhifadhi video za kamera za nyumbani, iitwayo AVCHD, na mashine hii iliweza kuisoma. Kompyuta nyingi za nyumbani za wakati ule zilikwamakwama zilipopewa video hizo. Mashine ya michezo ilizionyesha kwa ulaini. Lakini mtu aliyetaka kuzikata na kuziunga upya kwa mashine hiyohiyo alikuta kwamba kutazama ni jambo moja, na kuhariri ni jambo jingine kabisa.

Sababu yake yaanzia katika hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuihakikisha mwenyewe. Video ni mfululizo wa picha tuli zinazopita upesi hata jicho likadhani linaona mwendo. Picha moja ya daraja la juu ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani nukta 2,073,600. Kila nukta ikiandikwa kwa baiti 3, moja kwa kila rangi ya msingi ya nuru, picha hiyo moja itahitaji baiti 6,220,800. Zikipita picha 25 kwa sekunde, kama ilivyo kawaida ya televisheni za Ulaya, jumla ni baiti 155,520,000 kila sekunde. Diski ya toleo kubwa kati ya matoleo mawili ya kwanza ya mashine hiyo ilichukua baiti bilioni 60. Kwa kiasi hicho ingejaa kabla ya dakika 7 kwisha. Video ya harusi isingefika hata kwenye kiapo.

Kwa hiyo kamera hazihifadhi picha hivyo, bali huzikunja. AVCHD ya mwanzo ilikuwa na ukomo wa biti milioni 24 kwa sekunde, yaani baiti milioni 3. Diski ileile ingeweza sasa kupokea video ya muda wa saa 5 na nusu. Mkunjo huo wawezekana kwa sababu picha mbili zinazofuatana hufanana mno. Mtoto anapokimbia uwanjani, ukuta ulio nyuma yake hausogei, wala mti hauhami. Kamera huandika picha moja kamili, kisha kwa picha nyingi zinazofuata huandika tofauti tu: sehemu hii imesogea kidogo kulia, ile imepungua mwanga. Baadhi ya picha huelezwa kwa kulinganishwa na iliyotangulia, na nyingine kwa kulinganishwa na iliyotangulia pamoja na inayokuja baadaye. Baada ya nusu sekunde hivi, au zaidi, picha kamili huandikwa tena, na mtindo huanza upya.

Kutazama, basi, ni kazi ya kukunjua. Mashine husoma picha kamili, huongeza mabadiliko, hutoa picha kwenye kioo, kisha huitupa na kuendelea. Kazi hii yahitaji hesabu nyingi sana, lakini hesabu zenyewe ni za aina moja na zaweza kugawanywa. Hapo ndipo prosesa ya PlayStation 3 ilipokuwa na nguvu. Prosesa hiyo, iitwayo Cell, ilibuniwa na Sony, Toshiba na IBM. Ilikuwa na kiini kimoja kikuu na viini vidogo 8 vya kusaidia, ingawa katika mashine ya michezo kimoja kati ya hivyo vidogo kilizimwa na kingine kikawekwa kwa kazi za mfumo. Mwaka 2005 Toshiba ilionyesha prosesa ya aina hiyo ikikunjua video 48 za daraja la kawaida kwa wakati mmoja, zote zikionekana kwenye kioo kimoja.

Kukata ni habari nyingine. Katika enzi ya filamu za sinema, mhariri alikata ukanda kwa kisu na kuugundisha kwa gundi. Kila picha ilijitegemea, na popote alipokata palikuwa sawa. Video iliyokunjwa yafanana zaidi na mkeka: ukiukata katikati bila kuufunga ukingo, hufumuka. Mkato ukiangukia kwenye picha ya mabadiliko, ile picha kamili iliyokuwa msingi wake imebaki upande wa pili, na kilichobaki hakina maana. Mhariri ana njia mbili. Aweza kukubali kukata penye picha kamili tu, na pengine kupoteza neno la mwisho la bibi aliyekuwa akitoa nasaha. Au aweza kuzikunjua picha zote, akate atakapo, kisha azikunje upya. Njia hii ya pili ina gharama mbili: kukunja kwahitaji hesabu nyingi zaidi kuliko kukunjua, kwa kuwa mashine hulazimika kutafuta ni sehemu ipi imehamia wapi, na kila mkunjo mpya hupoteza sehemu ya ubora isiyorudi tena.

Hapa ndipo udhaifu wa mashine ulipojitokeza. Kumbukumbu yake kuu ilikuwa megabaiti 256. Picha zilizokunjuliwa kikamilifu zingeenea humo 43 tu, yaani chini ya sekunde 2 za video, hata kama mfumo wenyewe usingechukua nafasi yoyote. Kila kiini kidogo nacho kilikuwa na kumbukumbu yake ya kilobaiti 256, kwa hiyo hakikuweza kushika picha moja nzima. Ilibidi ikatwe vipandevipande na kupelekwa kwa zamu. Mashine iliyopikwa kwa michezo ilizoea kutumia kitu na kukitupa. Mhariri hutaka vitu vingi vibaki mezani.

Hata hivyo mwanzoni mlango ulikuwa wazi. Sony iliruhusu mwenye mashine kuweka mfumo mwingine wa uendeshaji, kama Linux, na kwa mfumo huo programu za kuhariri video ziliweza kutumika, japo bila kuifikia kikamilifu sehemu inayochora picha, kwani hiyo ilizuiwa. Tarehe 1 Aprili 2010 toleo jipya la programu ya mashine liliondoa ruhusa hiyo, kwa maelezo ya usalama. Aliyekataa kulipokea alifungiwa nje ya michezo ya mtandaoni. Baadhi ya wanunuzi nchini Marekani walikwenda mahakamani, na si ajabu: kifaa walichokwisha kukilipia kilikuwa kimepungua kikiwa sebuleni mwao. Katikati ya mwaka huohuo Sony iliongeza kihariri chake chenyewe cha video, pamoja na njia ya kuituma video kwenye intaneti.

Jambo lililobaki ni la hatari zaidi kwa familia, nalo halionekani mpaka mashine iharibike. Diski ya ndani ya PlayStation 3 ilifungwa kwa ufunguo wa siri ulio wa mashine hiyo pekee. Ikichomolewa na kuwekwa kwenye kompyuta, au hata kwenye PlayStation 3 nyingine, video zilizomo hazisomeki. Diski ya nje iliyounganishwa nayo ilipaswa kupangwa kwa utaratibu wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi gigabaiti 4, sawa na dakika 24 hivi za AVCHD ya juu kabisa. Familia iliyohamisha video zake kutoka kwenye kamera, ikafuta kadi ya kamera ili itumike tena, ikawa imeweka nakala moja tu ndani ya sanduku lenye ufunguo mmoja. Mwenye mashine ya namna hiyo ambayo bado yawaka anaweza kuzinakili video alizopiga mwenyewe kwenye diski ya nje, faili baada ya faili, bila kuzikunja upya.