Biashara huru ina darasa lake: masomo 3 ya kuchukua bila kulipa ada

Muuzaji mwenzangu, leo tuweke pembeni mambo ya picha na kapsheni. Twende Arkansas, Marekani, jimbo ambalo Walmart ilizaliwa.

Mwaka 1985 mwanzilishi wa Walmart, Sam Walton, na mkewe Helen walianzisha ufadhili wa kusomesha vijana wa Amerika ya Kati. Walijua kwamba Cuba na Umoja wa Kisovieti walikuwa wakiwachukua vijana wa nchi hizo na kuwafundisha ukomunisti. Wao wakataka vijana waione biashara huru kwa macho yao. Wakawapeleka kwenye vyuo vikuu vitatu vya Kikristo: Harding, John Brown na University of the Ozarks. Sharti kubwa: ukimaliza, rudi kwenu ukajenge kwenu.

Sasa biashara huru ni nini? Unachagua cha kuuza, unapanga bei mwenyewe, faida ni yako. Lakini na hasara ni yako. Mtaji ukikata, hakuna wa kukurudishia. Kwa hiyo uhuru huo unataka hesabu. Haya masomo matatu yanakuhusu hata kama hujawahi kukanyaga chuo.

1. Kushusha bei ni hesabu, siyo hasira

Walton alianza na duka dogo mwaka 1945. Aligundua kwamba kitu alichonunua kwa senti 80, akikiuza dola 1 badala ya dola 1 na senti 20, kinatoka mara tatu zaidi. Faida kwa kimoja inapungua nusu, ila faida ya jumla inapanda.

Wengi tunaishia hapo. Jirani kashusha, na mimi nashusha! Subiri kwanza, tupige hesabu.

Umenunua blauzi kwa 8,000. Ukiuza 12,000 na zikatoka 10, unabaki na 40,000. Ukiuza 10,000 na zikatoka 30, unabaki na 60,000. Tamu, siyo?

Sasa weka mfuko, makato ya kutuma pesa na bando: tuseme 800 kwa kila mzigo. Kwa bei ya 12,000 unabakiwa na 3,200 kwa blauzi, yaani 32,000 kwa blauzi 10. Kwa bei ya 10,000 unabakiwa na 1,200 tu. Ili kuifikia ile 32,000 lazima uuze blauzi 27. Ukiuza 20, umechoka mara mbili na umepata 24,000.

Kwa hiyo kabla hujashusha, jiulize: wateja wa kufikisha 27 ninao? Kama huna, bei iache ilipo, boresha huduma.

2. Mteja asiyekuona anahitaji sababu ya kukuamini

Kwenye biashara ya kimataifa, muuzaji yuko nchi moja na mnunuzi nchi nyingine. Huyu anaogopa kutuma pesa, yule anaogopa kutuma mzigo. Dawa mojawapo ni kuweka benki katikati: benki ya mnunuzi inaahidi kulipa, na muuzaji analipwa akishaonyesha hati kwamba mzigo umesafirishwa kama walivyokubaliana.

Wewe na mteja wako wa mkoani mna hofu ileile. "Tuma pesa kwanza" bila maelezo inamkimbiza mtu. Mpe ushahidi: picha halisi ya bidhaa, vipimo, risiti ya basi mzigo ukishatoka, na utaratibu wa kurudisha ulioandikwa wazi. Kwa mteja wa karibu, mruhusu alipe akishapokea.

Hapa ndipo chuo cha Kikristo kina la kuongeza. Harding, kwa mfano, wanafunzi huenda ibada kila siku ya masomo. Hoja yake inaeleweka hata kwa asiye Mkristo: soko huru linakupa nafasi ya kudanganya, kwa hiyo uaminifu lazima utoke ndani yako. Ukituma kitambaa tofauti na cha kwenye picha, umeuza mara moja tu.

3. Usijenge kila kitu kwenye nyumba ya kupanga

Lile duka la kwanza la Walton, mjini Newport, lilichangamka sana. Lakini mkataba wa pango haukuwa na kipengele cha kumruhusu kuongeza muda. Miaka mitano ilipoisha, mwenye jengo akakataa kumwongezea, kwa sababu alilitaka duka kwa ajili ya mwanawe. Walton akahamia Bentonville, akaanza upya.

Akaunti yako ya Instagram au Facebook nayo ni chumba cha kupanga. Ikifungwa usiku huu, utawapata wapi wateja wako kesho? Anza leo: andika kwenye daftari jina, namba na alichonunua kila mteja aliyekubali umtafute tena. Daftari hilo ni lako. Hata akaunti ikifungwa, utakuwa na pa kuanzia.

Kazi ya wiki hii: chagua bidhaa moja, piga hesabu ya somo la 1 kwa gharama zako halisi, siyo za kukisia. Halafu tuandikie kwenye maoni: ukishusha bei, unahitaji kuuza ngapi ili usipoteze? Na mtumie mwenzako anayetaka kushusha bei leo.