Chungu cha Maharage Si Aibu

Katika nyumba nyingi za Bukavu mgeni akibisha hodi, mama hufunika upesi chungu cha maharage, akamtuma mtoto dukani kununua mkate mweupe na nyama ya kopo. Aona haya, maana wengi wamekwisha kuamini kwamba maharage na sombe ni chakula cha maskini. Na tuichunguze haya hiyo, kwani yatudhuru mfukoni na mwilini pia.

Mwaka 1946 alifika Uganda mganga mpasuaji, Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, akafanya kazi huko miaka ishirini. Aliporudi Uingereza alianza kulinganisha wagonjwa wa pande mbili. Huko Ulaya watu wengi walisumbuliwa na kufunga choo, bawasiri, ugonjwa wa kidole tumbo na kansa ya utumbo mkubwa. Lakini kwa wanakijiji wa Afrika maradhi hayo yalikuwa haba. Mwaka 1975 yeye na mwenzake Hugh Trowell, aliyewahi kutibu Kenya na Uganda, walitoa kitabu juu ya jambo hilo. Si kila alilodhani Burkitt limethibitika, lakini nguzo ya hoja yake imesimama hata leo: wanakijiji wale walikula nafaka zisizokobolewa, maharage, mizizi na majani.

Vyakula hivyo vina nyuzinyuzi, yaani ile sehemu ya mmea ambayo tumbo haliwezi kuisaga. Hushika maji, hulainisha choo na kukiharakisha. Tena huchelewesha sukari isiingie katika damu kwa mkupuo, na maharage hupunguza mafuta mabaya ya damu. Mkate mweupe na soda havina msaada huo. Ndiyo maana magonjwa ya sukari na ya moyo yamewafuata watu wa mijini. Nayo nyama ya kopo na soseji, waganga wa Shirika la Afya la Ulimwengu walitangaza mwaka 2015 kwamba huleta kansa ya utumbo. Nyama mbichi ya sokoni haikuhukumiwa vikali hivyo, nami nayasema haya nikiwa mpenzi mkubwa wa nyama ya mbuzi! Lakini gramu 100 za maharage makavu zina protini gramu 20 na zaidi, kwa bei ndogo sana.

Shirika hilo hilo lashauri kila mtu mzima ale gramu 400 za mboga na matunda kila siku, wala muhogo na viazi havihesabiwi humo. Lengalenga, sombe, maboga, mapera na maembe, vyote hivyo twavipata karibu na nyumba.

Hata hivyo, asije mtu akasema mwalimu ameandika kwamba bugali wa muhogo na chumvi wamtosha mtoto. Muhogo nao ni mmea, lakini protini yake ni kidogo mno. Mtoto aliyeachishwa ziwa akilishwa huo tu, aweza kuvimba miguu na nywele zake kugeuka rangi: ndio ugonjwa ambao mganga Cicely Williams aliuandikia mwaka 1935 kutoka Ghana ya leo, akauita kwa jina la wenyeji, kwashiorkor. Mpeni maharage yaliyopondwa pamoja na mahindi, maana kila kimoja hujaza upungufu wa mwenzake. Ongezeni sambaza au yai, kwa sababu vitamini B12 haimo katika mimea, na bila hiyo damu hudhoofika.

Kuhusu sombe, litwangwe vizuri, kisha lichemshwe kwa muda mrefu chungu kikiwa wazi, ili sumu ya muhogo itoke. Mafuta ya mawese yasiunguzwe mpaka yawe meupe, kwani wekundu wake ndio hulinda macho ya watoto. Mezani kamueni limau juu ya mboga, mwili upate kunyonya madini ya chuma. Nayo chai ingojee saa nzima baada ya chakula, maana huyazuia.