Sura Moja Haitoshi

Kwetu Usinge, na nadhani hata kwenu, ukisema unakwenda kupiga picha watu wanajua ni pasipoti saizi. Unakaa kwenye stuli, nyuma kitambaa cha bluu, unaambiwa usicheke. Inatakiwa kwenye mkopo, kwenye kadi ya chuo. Kazi yake ni kumwezesha mtu mwingine akutambue. Wewe unajionaje? Hilo halimo kwenye fomu.

Wasanii wa leo wanaochora sura za watu wanaanzia hapo hapo fomu inaponyamaza. Mfano ninaoupenda ni wa Mtanzania mwenzetu, Everlyn Nicodemus, aliyezaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1954. Alihamia Sweden mwaka 1973, akasoma anthropolojia ya jamii, elimu iliyozoea kuwatazama watu kama sisi kwa macho ya wageni. Baadaye akageukia sanaa. Mwaka 1982 akajichora, na katika picha hiyo mwanamke mmoja ana nyuso kadhaa zinazoingiliana. Mimi naziona kama mama, mgeni, msanii, binti wa Marangu. Hakuna inayoiomba nyingine ruhusa.

Mwaka 2022 picha hiyo ilinunuliwa na National Portrait Gallery ya London. Ndiyo picha ya kwanza ya rangi ambayo mwanamke mweusi amejichora mwenyewe kuingia kwenye hazina yao. Jumba lilianzishwa 1856. Piga hesabu.

Sisi tuliokulia kando ya reli ya Tabora–Kigoma, ilikopita njia ya misafara, jambo hili linatugusa. Katika vitabu vya wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19, msafiri amechorwa na jina lake kamili. Mpagazi aliyembebea mizigo mara nyingi ameandikwa "Mnyamwezi" tu, basi.

Nikiwa fildi, niliwaambia watoto wa darasa la tano wajichore. Karibu wote walichora sare ya shule. Nikawaambia waongeze sura nyingine waliyo nayo. Binti mmoja akajichora na beseni la karanga kichwani, treni imesimama. Akaniuliza, "Mwalimu, utasahihisha ipi?"

Wenzangu wa ualimu mnaokwenda fildi, zoezi hili linataka penseli na karatasi tu. Ila karatasi iwe kubwa, na msikusanye kabla kengele haijalia.