Kitabu cha Kusikiliza na Jamaa Zake: Tatizo la Istilahi

Makala haya yanakusudia kueleza tatizo moja la istilahi linalowakabili wafasiri, walimu na watumishi wa maktaba kwa pamoja, nalo ni namna ya kuviita vitabu visivyosomwa kwa macho bali husikilizwa. Tatizo lenyewe si uhaba wa maneno. Tunayo kitabu cha sauti, kitabu kinachosema, kitabu cha kaseti na hadithi ya redio. Ubaya ni kwamba maneno hayo hutumiwa kwa vitu vilivyo mbalimbali, hata mtu akaagiza kimoja na kuletewa kingine.

Yafaa kwanza tukitazame kitu chenyewe. Kunasa sauti ya binadamu na kuisikiliza tena kuliwezekana tangu 1877, Thomas Edison alipotengeneza mashine yake. Lakini mashine hiyo ilichukua dakika chache tu, na kitabu kizima hakikuweza kuingia humo. Vitabu vizima vilianza kutolewa katika miaka ya 1930, tena kwa ajili ya wasioona: huko Marekani mnamo 1934, na Uingereza mnamo 1935. Miongoni mwa vitabu vya kwanza vya Uingereza ilikuwamo riwaya ya upelelezi ya Agatha Christie, The Murder of Roger Ackroyd, iliyochapishwa 1926. Ujerumani nayo ilipata maktaba ya aina hiyo mjini Marburg mnamo 1954. Tangu hapo chombo kimebadilika mara nyingi, kutoka santuri hadi utepe, kaseti, diski na sasa simu ya mkononi, ila kazi yake imebaki ile ile. Kwa hiyo istilahi isifungwe kwenye chombo. Kitabu cha kaseti ni jina lililozeeka pamoja na kaseti. Kitabu cha sauti nacho chaweza kudhaniwa kuwa kitabu kinachohusu sauti, kama vile cha fonetiki. Tunapendekeza kitabu cha kusikiliza, kwa mfano wa kitabu cha kusoma, ambacho kila mwalimu anakifahamu.

Pili, hapana budi kuweka mpaka. Wajerumani, ambao wana soko kubwa la kazi hizi, hutumia maneno mawili. Hörbuch ni kitabu kilichosomwa kwa sauti, mara nyingi na mtu mmoja. Hörspiel ni mchezo ulioandikwa au kugeuzwa ili usikike, wenye waigizaji, muziki na vishindo. Wasikilizaji wa redio wa Afrika Mashariki wanalijua jambo hili la pili kwa jina la mchezo wa redio, na jina hilo libaki pale mchezo unapotoka redioni. Usipotoka redioni, uitwe mchezo wa kusikiliza. Aidha, kitabu cha kusikiliza chenyewe kina matoleo mawili: toleo kamili na toleo lililofupishwa. Tofauti hii si ndogo. Katika riwaya ya upelelezi, sentensi moja iliyoachwa yaweza kuwa ndiyo iliyobeba dalili ya mhalifu.

Hapa pia lazima tutenge msomaji na msimulizi. Msomaji ni mtu aliyenaswa sauti yake. Msimulizi ni yule ambaye mwandishi amempa kazi ya kusimulia ndani ya riwaya. Katika riwaya hiyo ya Christie msimulizi ni mhusika mwenyewe, na atakayewachanganya wawili hawa katika tafsiri atampoteza msikilizaji.

Tatu, tutazame aina mbili za vitabu zinazoonyesha vizuri uzito wa suala hili. Ya kwanza ni ile riwaya ya Kijerumani ambayo upelelezi wake umefungamana na sehemu moja ya nchi. Jacques Berndorf aliiandikia milima ya Eifel, kuanzia Eifel-Blues ya 1989; Volker Klüpfel na Michael Kobr waliiandikia Allgäu, kuanzia Milchgeld ya 2003, na baadhi ya riwaya zao wamezisoma wenyewe kwa sauti. Katika kazi za namna hii lahaja, chakula na tabia za mahali ni sehemu ya fumbo, na sauti hudhihirisha lahaja ambayo maandishi huificha nusu. Tuiiteje? Riwaya ya kimkoa haifai, maana mkoa kwetu ni mpaka wa utawala. Ya kijimbo huleta mabishano ya siasa. Ya kienyeji hudokeza uduni. Afadhali tuseme riwaya ya upelelezi ya mahali, kisha pahali penyewe patajwe. Fasihi yetu ina mfano wake: Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa 1960, ambamo Bwana Msa hupeleleza huko Unguja.

Aina ya pili ni kazi inayoiga kitabu mashuhuri cha fasihi ili kuchekesha. Henry Fielding alipoandika Shamela mnamo 1741, alikuwa akiiga Pamela ya Samuel Richardson ya 1740. Kazi hiyo si tashtiti tu, maana tashtiti yaweza kuilenga jamii bila kuiga kitabu chochote. Wala si dhihaka tu, maana dhihaka ni nia na wala si umbo. Tunapendekeza mwigo wa mzaha. Msomaji wa maandishi huona jalada na kutambua. Msikilizaji asiyeona hana ila jina analotangaziwa. Kwa hiyo maneno haya yatajwe mwanzoni mwa kila toleo.

Hayo si mabishano ya wanaisimu peke yao. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ulioanza kutumika 2016 na ambao Kenya iliuridhia 2017, unaruhusu nakala za vitabu zinazoweza kutumiwa na wasioona, pamoja na vya kusikiliza, na unataka nakala hizo ziheshimu ukamilifu wa kazi ya awali. Ofisa anayefasiri masharti hayo kwa neno moja lenye kukusanya kila kitu atakuwa amelifuta sharti lenyewe. Na mwanafunzi asiyeona, aliyepewa mchezo wa kusikiliza au toleo lililofupishwa badala ya riwaya iliyomo katika mtaala, ataulizwa katika mtihani juu ya sura asizozisikia kamwe. Kosa litakuwa la neno, lakini alama zitapungua kwake.

Kwa muhtasari, tunapendekeza kila orodha ya maktaba na kila hati ya ununuzi itaje mambo manne:

(a) umbo: kitabu cha kusikiliza au mchezo wa kusikiliza;
(b) ukamilifu: toleo kamili au lililofupishwa;
(c) aina: kwa mfano riwaya ya upelelezi ya mahali, au mwigo wa mzaha pamoja na jina la kitabu kinachoigwa;
(d) jina la msomaji na lahaja anayoitumia.

Istilahi hizi zingali mapendekezo. Wasomaji walio na maneno yaliyo bora zaidi, hasa walimu wa wanafunzi wasioona ambao huyatumia kila siku, wanaombwa wayalete yajadiliwe kabla hayajasanifishwa.